Namba ya Cherehani ya Shangazi

Mafuta ya cherehani hayanuki sana. Ukiyaweka karibu na mafuta ya taa utasema hayana harufu kabisa. Lakini wiki iliyopita fundi alikuja kulainisha feni ya ofisini kwetu Mikocheni, akatoa mfukoni kichupa chembamba chenye mdomo mrefu, akadondosha matone mawili, nami nikaacha nilichokuwa naandika. Nilikuwa na miaka kumi na moja tena, nimekaa kwenye sakafu ya baraza yetu kule Ukonga, sketi imejaa vipande vya nyuzi, daftari la hesabu mapajani.

Wenzangu walidhani naumwa. Sikuwaeleza, kwa sababu kisa chenyewe kinahusu namba, na mtu mzima ukimwambia una kisa kinachohusu namba hutazama saa. Nyinyi nitawaeleza, maana mmekwisha kaa.

Ukonga yetu ni mtaa wa watu wa kawaida. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila nikitaja nilikokulia kuna mtu huniuliza nilifungwa kwa kosa gani. Gereza lipo, ni kubwa, na tulilizoea hivyo hivyo kama watu wengine walivyozoea soko. Askari wake walikuwa wateja wa shangazi yangu. Walileta suruali zao zipunguzwe kiuno, na kadiri vyeo vyao vilivyopanda, walizirudisha ziongezwe.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliitwa Mwanahawa. Mimi nami ni Mwanahawa. Nilipozaliwa nilipewa jina lake. Kwa desturi zetu za pwani watu wa jina moja huitana somo, kwa hiyo sikumbuki aliwahi kuniita vinginevyo. "Somo, nishikie mkasi." "Somo, umekula?" Shuleni masomo yalikuwa hesabu na jiografia na sayansi, nyumbani somo nilikuwa mimi, na niliona napendelewa kuliko hayo mengine yote.

Alikuja kwetu kutoka Lindi kabla sijaanza shule. Alikuja na sanduku la bati, jamvi, na cherehani iliyofungwa kwa blanketi. Niliambiwa ndoa yake imekwisha. Haikusemwa imekwishaje, na watoto wa wakati wetu hawakuuliza mambo ya namna hiyo, au waliuliza mara moja tu. Nilichokiona kwa macho yangu ni jambo dogo. Wanawake wote wa mtaani waliitwa kwa majina ya watoto wao: Mama Rehema, Mama Juma, Mama Pendo. Mama yangu alikuwa Mama Hawa, kwa ajili yangu. Shangazi peke yake aliitwa Fundi. Nilidhani ni heshima, na hata nilimwonea mama huruma kidogo, maana akina mama walikuwa wengi mtaani lakini fundi alikuwa mmoja.

Cherehani yenyewe ilikuwa ya miguu, nyeusi, na maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika pale mkono ulipopita kila siku. Ilikaa barazani, ikitazama barabara. Meza yake ya mbao ilikuwa na mtoto wa meza mmoja, upande wa kulia, ambamo shangazi aliweka bobini, vifungo visivyo na wenzao, sindano, na chaki za fundi, zile bapa za kuchorea kitambaa kabla ya kukata. Na chini ya shingo ya cherehani palikuwa na kibati cha shaba ambacho hakuna aliyejua kimeandikwa nini, kwa sababu mafuta na vumbi la nyuzi vilikuwa vimegandia juu yake miaka mingi.

Mwaka ule wa darasa la tano Mwalimu Komba alitufundisha aina za namba. Alitoka Songea, alichomekea shati hata siku ya kulima bustani ya shule, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake aliye upande wa pili wa bonde. Tulianza na namba shufwa, tukaenda namba witiri. Bibi mmoja jirani yetu aliponisikia nakariri "witiri, witiri" alimpongeza mama kwamba mtoto ameanza kushika hata sala ya witiri. Kisha tukafika kwenye namba tasa.

"Namba tasa ni nini?" Mwalimu Komba aliuliza.

"Ni namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu!" darasa zima lilijibu, na nadhani hata wafungwa walisikia.

Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukaiota. "Usiseme tasa mpaka umemaliza kugawanya." Ukimwambia tisini na moja ni tasa, kwa sababu tu inaonekana ngumu, alikutazama kwa huruma na kukuuliza saba alikukosea nini. Unagawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, unapanda taratibu, na ukichoka hujamaliza. Kuchoka, alisema, siyo jibu.

Hapa naomba mnielewe. Neno tasa sikuwahi kulisikia popote kabla ya siku ile. Nyumbani kwetu halikusemwa. Mwanamke asiye na mtoto alisemwa "hajajaaliwa," tena kwa sauti ya chini, na mara nyingi hata hilo halikusemwa, watu walinyanyua nyusi tu na kuendelea kuchambua mchele. Kwa hiyo kwangu tasa ilikuwa sifa. Ilikuwa namba iliyokataa kuvunjwa. Niliona namba nyingine zote ni nyepesi, zinajigawa kwa yeyote anayepita, na hizi chache zimekaa peke yao na heshima zao.

Nikaanza kuzitafuta. Nilimwomba shangazi chaki moja ya fundi, akanipa iliyobaki kipande, na kila nilipoona namba niliigawanya, na ikishinda niliandika herufi T kando yake, bila kumweleza mtu maana yake. Namba ya mlango wetu ilikuwa 391. Niliiandikia T kwa haraka, nikaja kugundua siku ya tatu kwamba ni kumi na saba mara ishirini na tatu, nikaifuta kwa mate kabla hajapita mtu aliyesoma. Jezi ya kaka yake Rehema ilikuwa tasa. Ndoo ya maji ya Mama Pendo, ambayo mtu aliipaka namba 57 kwa sababu asizozijua mwenyewe, haikuwa. Watu walinizoea. Mama alisema afadhali hivyo kuliko kuchora midoli ukutani.

Siku moja ya Jumamosi shangazi alikuwa anasafisha cherehani, nami nikamwomba nisugue kile kibati. Akanipa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Nilisugua nikianzia kushoto, na namba zikaanza kutoka moja moja kutoka kwenye weusi. Kwanza saba. Saba ni tasa, hiyo hata mtoto wa darasa la pili anajua. Nikasugua tena, ikatoka tatu, ikawa sabini na tatu. Hiyo nayo tasa. Ikatoka tisa: mia saba thelathini na tisa. Nikaacha kusugua, nikachukua daftari, nikagawanya mpaka kwa ishirini na tatu, ambapo Mwalimu Komba alisema unaruhusiwa kusimama, kwa kuwa tasa inayofuata, ishirini na tisa, ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba yako. Tasa.

"Somo, unasugua au unasali?" shangazi aliuliza.

"Nahesabu, shangazi. Kila ikiongezeka inakuwa tasa tu."

Hakusikia vizuri, au alisikia na akadhani nimesema kitu kingine, maana mdomo wake ulikuwa umeshika pini. Ilikuwa ni kawaida yake kuzungumza na dunia kwa pini kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Ikatoka tatu nyingine, ikawa elfu saba mia tatu tisini na tatu, na hiyo ilinichukua jioni nzima. Ikatoka tisa. Hiyo, sabini na tatu elfu mia tisa thelathini na tisa, ilinila wiki. Niligawanya kwa namba hamsini na nane, kurasa kumi na moja mbele na nyuma, na haikukubali hata moja. Mwishoni kibati kilikuwa safi, kinang'aa, na namba nzima ilikuwa hii: 73939133. Shangazi aliisoma kwa mafungu, namna watu wanavyotaja namba za simu. "Sabini na tatu, tisini na tatu, tisini na moja, thelathini na tatu. Miaka yote nimekaa nayo sikuijua."

Nilijumlisha tarakimu zake, nikapata thelathini na nane, kwa hiyo tatu haiingii. Saba haikuingia, ilibaki mbili. Kumi na moja haikuingia. Nilimpelekea Mwalimu Komba daftari, nimeandika juu ya ukurasa kwa majivuno: NAMBA YA CHEREHANI YA SHANGAZI NI TASA. Akalichukua alisahihishe. Mimi sikusubiri. Tarakimu tano za mwanzo zimekuwa tasa hatua kwa hatua, nilijiambia, na tatu zilizobaki zitafuata mkumbo. Jumamosi iliyofuata, shangazi alipokwenda Kariakoo kununua uzi, nilichukua chaki nyeupe nikapiga magoti mbele ya cherehani. Nilikusudia kuandika NAMBA HII NI TASA, lakini ubao wa mbele wa meza ulikuwa mwembamba na mimi napenda herufi kubwa. Nikaandika neno lililo muhimu.

Likakaa hapo asubuhi nzima, barazani, likitazama barabara, na wiki iliyofuata shuleni kulikuwa na ukaguzi wa sare, kwa hiyo kila dakika alikuja mtu kuulizia sare. "Fundi yupo?" waliuliza. Kisha walitazama cherehani, wakanyamaza, wakasema watarudi. Niliwaona. Nilidhani wanastaajabia.

Shangazi aliporudi, Mama Rehema alikuwa amekaa kwenye benchi akimsubiri, ameshika tama. Alinyoosha kidole tu.

Nimejaribu kukumbuka uso wa shangazi dakika ile na siwezi, nakumbuka mikono. Iliweka mfuko wa nyuzi chini. Ikachukua futi. "Umekuja na kipimo cha mtoto," alimwuliza Mama Rehema, "au nitumie cha mwaka jana?" Akaandika kipimo, akamsindikiza mteja wake mpaka barabarani, akarudi. Kisha akaivua cherehani mkanda, ule wa ngozi unaozungusha gurudumu, akauviringa na kuutia kwenye mtoto wa meza, akafunika cherehani kwa blanketi lile lile iliyokuja nalo. Neno lilibaki linaonekana chini ya pindo.

Mama alikuwa uani anafua. Shangazi alisimama mlangoni.

"Wifi," alisema, "kama nimewachosha, si mngesema tu."

"Umetuchosha na nini tena?"

"Hilo neno pale mbele. Nimelikimbia Lindi, nimelikuta barazani kwa mdogo wangu."

Mama alikwenda kutazama huku mikono inachuruzika povu. Aliporudi alikuwa amebadilika rangi. "Mie? Wallahi wifi, mie neno hilo sijawahi kulitamka, hata rohoni mwangu."

"Mtoto hajitungii. Anachokisema kakisikia nyumbani."

Kandambili ya mama ilinifikia kabla ya swali. Swali likafuata. "Nani kakufundisha neno hili?"

"Mwalimu Komba."

Wakatazamana. "Mwalimu Komba anamjulia wapi shangazi yako?"

"Anatufundishaga kila siku," nilisema, nikidhani najitetea. "Darasa zima tunajua. Tunaitikia."

Mama akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Shangazi alicheka kidogo, kicheko ambacho hakikuwa na mtu ndani yake. "Darasa zima," alisema. "Wanaitikia." Akaingia chumbani, nikasikia sanduku la bati likiburutwa kutoka uvunguni.

Niwaambie nilichokielewa wakati ule, maana si kingi. Nilielewa kwamba nimechafua cherehani. Nilielewa kwamba shangazi anafunga nguo na kwamba asubuhi ya kesho angepanda basi la Lindi, ambako hakuwa na mume wala mama wala cherehani nyingine, na kwamba mama analia kwa sababu shangazi hamwamini tena. Vipi kitu kimoja kilizaa kingine, hilo sikulielewa hata kidogo. Baba alirudi kutoka kazini alasiri, akaelezwa kwa maneno mawili, akaenda kukaa sebuleni na viatu vyake mguuni. Aliniambia Jumatatu tutakwenda naye kwa huyo mwalimu. Alisema kwa upole, na baba alikuwa mpole tu pale alipokuwa amekasirika sana.

Niliogopa. Naweza kusema hivyo sasa bila aibu: sijawahi kuogopa vile tena. Nikachukua kitambaa na maji nikaenda kufuta.

"Acha," shangazi alisema nyuma yangu. Alikuwa ametoka na kanga zake mkononi. "Limeshasomwa. Ukilifuta sasa unamfutia nani?"

"Lakini shangazi, si uongo!" Nikaanza kulia kwa sauti. "Ni tasa kweli! Nimegawanya kwa tatu, nimegawanya kwa saba, ikabaki mbili, haigawanyiki!"

"Nini haigawanyiki?"

"Namba."

"Namba gani?"

"Ya cherehani. Hiyo uliyosoma. Sabini na tatu, tisini na tatu."

Aliziweka kanga juu ya blanketi la cherehani. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kiuno inchi ngapi: "Daftari lako liko wapi, somo?"

Mwalimu Komba alikuwa amelirudisha Ijumaa, nami kwa haraka zangu sikuwa nimelifungua. Shangazi alikaa kwenye kiti chake cha cherehani akalipekua toka mwanzo. Alisoma maana ya namba shufwa, akasoma witiri. Alipofika kwenye NAMBA TASA, imepigiwa mstari kwa rula, alisoma ile sentensi kwa sauti, polepole, mara mbili. "Ni namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu." Akaendelea. Kurasa kumi na moja za kugawanya, hakuziruka. Mwisho akafika kwenye ule ukurasa wa majivuno yangu. Chini yake, kwa wino mwekundu, Mwalimu Komba alikuwa ameandika: *Nani kakwambia? Hujathibitisha. Usiseme tasa mpaka umemaliza kugawanya. Rudia.*

"Wifi," shangazi aliita. "Wifi, hebu njoo."

Mama alikuja na macho mekundu. Shangazi alimwonyesha kidole pale kwenye wino, na mama akasoma akiwa amesimama. Nikaona midomo yake inatembea.

"Huyu mwalimu," shangazi alisema, "laiti angekuwa Lindi mwaka ule."

Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka mama akashika ukuta, na katikati ya kicheko mama akawa analia, na shangazi akamshika mkono uliokuwa bado na povu lililokauka, akamwambia, "Nisamehe, mwanamke mwenzangu, nisamehe." Baba alikuja kuchungulia, akaona hakuna wa kupigana naye, akavua viatu. Mimi nilisimama pale na kitambaa changu. Hakuna aliyenieleza kitu, na kwa kuwa sikupigwa tena niliona nisiulize.

Shangazi alilifuta neno lile mwenyewe. Lakini kabla hajalifuta alinigeukia. "Umesikia alichosema mwalimu wako? Hujamaliza. Siku ukimaliza kugawanya ndiyo utaliandika. Kabla ya hapo sitaki kuliona." Akatoa mkanda kwenye mtoto wa meza, akauvisha gurudumu, na kabla ya magharibi sketi mbili za Rehema zilikuwa zimeshonwa.

Jumatatu baba alikwenda shuleni hata hivyo, kwa kuwa alikuwa ameshatamka kwamba atakwenda. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba kwa wiki mbili baada ya hapo Mwalimu Komba alifundisha kwa sauti ya chini, na mada yenyewe aliiita "namba zile zisizogawanyika," mpaka wanafunzi wakamwuliza kama jina limebadilishwa.

Nilijaribu kumaliza. Mwalimu alinipigia hesabu: ili niwe na haki ya kusema ile namba ya tarakimu nane ni tasa, nilipaswa kuigawanya kwa namba tasa zote zilizo chini ya elfu nane mia sita, ambazo ni zaidi ya elfu moja. Nilifika mia moja na kitu. Kisha nikaingia darasa la sita, nikapata marafiki.

Maana nyingine ya neno nililoandika niliipata nikiwa na miaka kumi na tano, kwa mama, tukichambua mchele. Alinieleza kama mtu anayesoma tangazo. Shangazi aliolewa; mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita; watu wa mume wakakaa kikao na kulitamka neno hilo mbele yake, na wa tatu akarudishwa kwao. Hakuna aliyempeleka hospitali. Hakuna aliyempeleka mume pia. "Yule bwana akaoa mwingine," mama alisema, "akaoa na mwingine tena. Nyumba yake iko kimya mpaka leo." Akapuliza makapi. Nilikaa na punje za mchele viganjani, nikakumbuka wino mwekundu, na ndipo nilipoelewa walichokuwa wanakicheka. Watu wa mume walikuwa wamekaa kikao, wakachoka, wakaona kuchoka ni jibu.

Nilidhani nimeelewa yote siku ile, na nikaendelea kudhani hivyo mpaka wiki iliyopita, mpaka hayo matone mawili ya mafuta ya feni.

Fundi alipoondoka niliandika ile namba kwenye kompyuta. Sijawahi kuisahau, nimesahau namba za simu za watu niliowapenda, lakini hiyo ipo. Kompyuta iligawanya kwa namba zote zile elfu na ushee kwa muda usiotosha kupiga chafya. Tasa. Nikaikata tarakimu ya mwisho, kwa kuwa nilikumbuka kibati kilivyofunuka. Tasa. Nikakata nyingine. Tasa. Mpaka kwenye saba ya kwanza, zote nane, hakuna iliyokubali kuvunjika. Mtoto yule na majivuno yake alikuwa amepatia bila haki ya kupatia.

Kisha nikafanya kinyume chake. Nikarudi kwenye namba nzima, nikajaribu kuiongezea tarakimu ya tisa kule mkiani, nione kama itaendelea kuzaa kama ilivyozaliwa. Saba ilizaa sabini na tatu, sabini na tatu ikazaa mia saba thelathini na tisa, na hivyo hivyo kizazi baada ya kizazi. Nikaweka moja, ikagawanyika kwa tatu. Nikaweka saba, ikagawanyika kwa tatu. Sifuri, mbili, nne, sita, nane, tano, hizo hazina haja ya kompyuta. Nikaweka tatu, nikaweka tisa, nazo zikavunjika. Hakuna inayofuata. Nikatafuta zaidi, nikasoma kwamba wataalamu wameshazihesabu namba zote za ukoo huu, zile ambazo ukizikata mkia moja moja kila kinachobaki ni tasa. Zipo themanini na tatu tu duniani. Na iliyo kubwa kuliko zote, ambayo juu yake hakuna nyingine na haitakuwepo, ni 73939133. Kiwandani hawakujua. Ilikuwa zamu yake tu kwenye foleni ya cherehani.

Jumapili nilikwenda Ukonga. Shangazi bado yupo barazani. Macho yamepungua, miwani yake ameifunga kwa uzi mweusi nyuma ya kichwa, na siku hizi hashoni nguo nzima, anakunja pindo tu na kupunguza viuno vya askari ambao wengine ni watoto wa wale wa zamani. Nilimwamkia, nikakaa kwenye benchi.

"Shangazi," nilisema, "nimemaliza kugawanya."

Mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio. Hakuuliza kugawanya nini.

"Zote?"

"Zote. Elfu na ushee. Haikubali hata moja."

Nikamweleza na yale mengine, kwa maneno mepesi niliyoweza. Kwamba kila namba kabla yake ilikuwa na inayofuata, ikazaa, na iliyozaliwa ikazaa. Kwamba hii haikuzaa. Na kwamba katika ukoo wao wote ndiyo kubwa, hakuna iliyowahi kuipita. Nilikuwa na hofu kidogo nilipokuwa nasema, hofu ya miaka kumi na moja, na nikajikuta natazama mikono yake badala ya uso.

Alipapasa kibati kwa kidole gumba, kama anayepima unene wa kitambaa. Kisha akavuta mtoto wa meza, akachakura katikati ya vifungo na bobini, akanipa chaki nyeupe.

"Haya, somo," alisema. "Sasa andika."